Kutoka Balbu Hadi Kompyuta: Jinsi ya Kumaliza Ubishi wa Vifaa kwa Hesabu na Majaribio

Ubishi wa vifaa hauishi katika nyumba zetu. Baba anashikilia kwamba balbu za zamani ndizo zilizodumu na hizi za LED ni za kupoteza pesa. Binti aliyerudi likizo kutoka Egerton anataka laptopu mpya hata kama ni dhaifu, na mjomba anamwambia achukue iliyotumika Uingereza. Mweka hazina wa chama anataka printa ya bei ya chini kabisa dukani, na katibu, ambaye ndiye atakayeitumia kila siku, hajaulizwa lolote. Mara nyingi wote wana ukweli fulani, ila kila mmoja anazungumzia kazi tofauti na mwenzake.

Nimeandika kwa ajili ya watu wa huku kwetu, Nakuru, Kisumu, Kakamega, Busia, Kisii na vijiji vilivyo katikati, ambako stima hupotea na kurudi kwa kishindo, na vipuri vingine vinangojwa kutoka Nairobi. Msimamo wangu ni kwamba bei ya dukani ndiyo namba dhaifu kuliko zote katika ubishi huu. Kifaa kihukumiwe kwa kazi kitakayofanya, kwa stima kitakayokula, na kwa fundi atakayekifungua siku kitakapokataa kuwaka.

Hatua ya 1: Andikeni kazi kabla ya kutaja kifaa

Chukueni karatasi. Kabla mtu yeyote hajataja jina la kampuni, andikeni kazi yenyewe: itafanywa wapi, na nani, kwa saa ngapi kwa siku. "Taa ya sebuleni, kutoka saa moja jioni hadi saa sita usiku." "Kompyuta ya kuandika barua za kanisa na kuchapisha risiti, saa mbili kila Jumamosi." Ubishi mwingi hufa hapa, kwa sababu inaonekana kwamba mmoja alikuwa anawaza taa ya sebuleni na mwenzake anawaza taa ya stoo.

Anayetumia kifaa ndiye azungumze kwanza. Kama ni jiko, mama aanze. Kama ni kompyuta ya ofisi, katibu aanze, mwenyekiti afuate.

Hatua ya 2: Jua uniti moja inakugharimu pesa ngapi

Usitumie bei uliyoisikia redioni. Chukua ujumbe wa tokeni wa mara ya mwisho, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako, pamoja na VAT na tozo zote. Haiwi sawa kwa kila nyumba, kwa kuwa wanaotumia uniti chache kwa mwezi wako katika kundi la bei nafuu, na tozo za mafuta na za fedha za kigeni hupanda na kushuka. Rudia hesabu kila baada ya miezi michache.

Kwa mifano ya hapa nitachukua shilingi 28 kwa uniti. Weka yako mahali pake.

Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa hiyo zidisha wati za kifaa kwa saa za matumizi, zidisha kwa siku, kisha gawanya kwa 1,000. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku kwa siku 30 inakula uniti 9, yaani shilingi 252. LED ya wati 9 inayotoa mwanga kama huo, au kuuzidi kidogo, inakula uniti 1.35, yaani chini ya shilingi 38. Tofauti ni zaidi ya shilingi 200 kwa mwezi kwa taa moja tu. Sababu si fumbo: balbu ya waya hugeuza sehemu kubwa sana ya stima kuwa joto, na mwanga ni mabaki. Ushike mkono karibu nayo utajua pesa zako zinaenda wapi.

Sasa ipeleke hesabu hiyo hiyo stoo, ambako taa huwaka dakika 10 kwa siku. Balbu ile ya wati 60 inakula uniti 0.3 kwa mwezi, shilingi 8 na senti. Hapo baba ana haki. Aiache balbu yake mpaka ife yenyewe.

Na zile balbu za kuokoa umeme zilizosokotwa, ambazo bado ziko katika nyumba nyingi? Ya wati 15 kwa saa zile 5 za kila siku inakula shilingi 63 kwa mwezi. LED inaipita kwa shilingi 25 tu, kwa hiyo hakuna haraka ya kuing'oa iliyo nzima. Ila ina zebaki kidogo ndani. Ikivunjika, watoe watoto chumbani, fungua madirisha, ngoja dakika 10 hadi 15, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu na unga uliobaki kwa selotepu. Usifagie, kwa maana ufagio huirusha hewani.

Hatua ya 3: Soma boksi la balbu, kisha ijaribu dukani

Watu wengi husoma wati, na wati hazisemi mwanga ni kiasi gani. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Balbu ya wati 60 ya zamani ilitoa lumeni 700 hivi, kwa hiyo ukitaka sebule yenye mwanga ule ule tafuta LED yenye lumeni 800. Boksi lisiloandika lumeni hata kidogo, lirudishe rafuni.

Halafu angalia rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa herufi K. 2700 hadi 3000 ni mwanga wa manjano, mtulivu, unaofaa chumba cha kulala na meza ya chakula. 6500 ni mweupe wa mchana, unaofaa jikoni, dukani na pale mtoto anapofanyia kazi ya shule. Ubishi wa "LED inaumiza macho" mara nyingi ni wa mtu aliyewekewa 6500 chumbani akitaka kulala.

Tazama pia volti. Stima yetu ni volti 240, lakini katika mitaa iliyo mwisho wa laini hushuka sana jioni kila mtu akiwasha. Balbu iliyoandikwa 220 hadi 240 inaweza kuanza kupepesa. Iliyoandikwa 85 hadi 265 huvumilia. Tofauti ya bei ni ndogo, na kwa nyumba za pembeni ya mji ningelipa bila kusita.

Kabla ya kutoa pesa, mwombe mwenye duka aichomeke kwenye kibao chake cha majaribio. Washa kamera ya simu uielekeze kwenye balbu. Ukiona mistari mieusi inapita kwenye skrini, balbu inapepesa kwa kasi ambayo jicho halioni vizuri lakini kichwa huisikia baada ya saa kadhaa. Linganisha mbili tatu, chagua iliyotulia. Hakikisha pia umechukua ya aina ya kishikio chako, ya pini mbili au ya kuzungusha. Ukifika nyumbani andika tarehe kwenye shingo yake kwa kalamu ya wino mzito, na risiti uiweke. Balbu yenye dhamana ya mwaka mmoja isiyo na tarehe haina dhamana.

Kwa nini basi LED nyingine hufa mapema, kama baba anavyolalamika? Kijitaa chenyewe kwa kawaida bado ni kizima. Kinachokufa ni saketi ndogo iliyo shingoni, inayougeuza umeme kabla haujafika kwenye taa, na adui zake ni joto na mishtuko ya stima. Kwa hiyo usiifungie LED ya kawaida ndani ya kikombe cha kioo kisicho na hewa, hasa Kisumu ambako dari la mabati tayari ni moto. Kati ya mbili za wati sawa, iliyo nzito zaidi mara nyingi ina aluminiamu ya kutoa joto.

Jambo moja la usalama. Ukizima LED nayo ikaendelea kuwaka kwa mwanga hafifu kama kimulimuli, usiilaumu balbu kwanza. Pengine swichi ina kitaa chake cha kuonyesha, au waya ni mrefu na unapitisha umeme kidogo. Lakini pia inawezekana fundi aliyefunga nyumba aliweka swichi kwenye waya wa kurudi badala ya waya wenye moto, na maana yake kishikio kina stima hata swichi ikiwa imezimwa. Mwite fundi wa stima apime kabla ya mtu yeyote kupanda kiti kubadilisha balbu.

Hatua ya 4: Tenganisha radi, mshtuko na stima dhaifu

Hapa ndipo mabishano huwa makali na pesa hupotea, kwa sababu watu hununua kinga ya ugonjwa ambao hawana. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mtu wa Kakamega au Kisii hahitaji kuambiwa hivyo. Alasiri wingu likijikusanya anajua.

Radi ikipiga karibu, hakuna ekstenshoni itakayokuokoa kwa hakika. Dawa ni kuchomoa plagi ukutani, na waya wa antena, na waya wa intaneti pia, mapema kabla mvua haijafika. Ukishaona mwanga na kusikia ngurumo papo hapo, acha, usianze kushika waya.

Mshtuko ni ule unaokuja stima inaporudi. Ekstenshoni yenye kinga husaidia hapo, lakini aina nyingi huhitaji waya wa ardhini kuupeleka mshtuko chini. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi yenye tundu la tatu lisilounganishwa na chochote. Kabla ya kununua kinga ya bei, mlipe fundi apime waya huo wa ardhini. Kwa friji, kifaa kinachofaa ni kile cha kuilinda, ambacho hukata volti zikiwa mbaya na kusubiri dakika chache stima ikirudi, ili kompresa isianze huku gesi bado ina shinikizo.

Stima dhaifu ni jambo la tatu. Taa zinafifia, kompyuta ya mezani inajizima na kujiwasha. Kinachofaa ni kidhibiti volti, au UPS, yaani kisanduku chenye betri, kwa kompyuta. UPS ya kawaida ya 650VA hubeba wati 360 hivi na kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Isitegemewe kuendesha ofisi hadi jioni. Na printa ya leza isichomekwe humo kamwe, maana inapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa ghafla. Laptopu yenye betri nzima haihitaji UPS. Ruta ya intaneti ya volti 12 ina kijibetri chake maalumu kidogo, na hicho kwa anayefanyia kazi nyumbani ni ununuzi mzuri sana.

Kuhusu sola nitasema kidogo tu, kwa kuwa swali moja huamua karibu yote: betri ya aina gani? Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 (kipimo cha ujazo wa betri) ina Wh 1,200, yaani uniti 1.2, kwa maandishi, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu, Wh 600. Ya lithiamu ya ukubwa huo utatumia asilimia 80 au zaidi, na huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Mfanyabiashara akikulinganishia bei zao bila kutaja hilo, hajakulinganishia.

Hatua ya 5: Kompyuta

Hapa ndipo panapohitaji uvumilivu mkubwa zaidi, kwa sababu pesa ni nyingi na maneno ya dukani ni mengi.

Anza na ya mezani au laptopu. Fanya hesabu ya hatua ya 2. Ya mezani pamoja na skrini, tuseme wati 80, saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: uniti 16.64, shilingi 466. Laptopu ya wati 25 kwa saa hizo hizo: uniti 5.2, shilingi 146. Ni shilingi 320 kwa mwezi, zaidi ya 11,000 kwa miaka mitatu, na ya mezani bado inadai UPS. Upande wa pili, ya mezani hufunguliwa na fundi yeyote, kibodi ikifa unabadilisha kibodi tu, na haibebwi na mwizi kwa kwapa. Kwa saiba ya Kondele, Kisumu, yenye wateja wa kujaza eCitizen na KRA mfululizo, ningechagua ya mezani. Kwa mwalimu anayehama kati ya darasa na nyumba yenye stima ya mashaka, laptopu.

Kisha ubishi wa mpya na iliyotumika. Nitasema wazi: laptopu ya kazi za ofisi iliyotumika, kama Lenovo ThinkPad, HP EliteBook au Dell Latitude, ikiwa ya umri unaofaa, huishinda laptopu mpya ya bei ya chini karibu kila mara. Ile mpya ya bei hiyo kwa kawaida ina prosesa (ubongo wa mashine) dhaifu, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 iliyochomelewa ubaoni, na hifadhi ya GB 64 inayojaa kwa masasisho tu, bila nafasi ya kuongeza. Hoja ya upande wa pili ni ya kweli pia: mpya ina betri mpya na dhamana. Kama binti atakuwa mbali na fundi na hawezi kukaa wiki bila mashine, hoja hiyo ina uzito.

Umri unaofaa ni upi? Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa prosesa za Intel huanzia, isipokuwa chache, kizazi cha 8. Kizazi husomwa baada ya kistari: i5-8250U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11, i7-4600U ni cha 4. Usidanganywe na "i7 ni kubwa kuliko i5". Hiyo i7-4600U ina viini viwili vya kufanyia kazi, na i5-8250U ina vinne. Muuzaji anayesema "core i7" bila kutaja namba inayofuata, mwombe aifungue uisome mwenyewe.

Namba nyingine mbili zinatosha: RAM GB 8, na diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, ya GB 256. Diski ya zamani ya kuzunguka (HDD) hufanya mashine nzuri ionekane mzee, na haipendi kutikiswa ikiwa inafanya kazi.

Kama tayari una mashine ya kizazi cha 4 au cha 6, usiitupe. Iwekee SSD na Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni bure. Tovuti za iTax, eCitizen, HELB na KUCCPS zote hufunguka kwenye kivinjari, na LibreOffice inaandika barua na kupiga hesabu. Uliza tu kwanza kama chuo au mwajiri ana programu fulani inayohitaji Windows.

Ukiwa dukani, iwe ni Kenyatta Avenue Nakuru au Oginga Odinga Street Kisumu, fanya haya bila kuona haya. Mwambie muuzaji airudishe mashine kwenye hali ya kiwanda na kuianzisha upya mbele yako ikiwa kwenye intaneti. Ikionyesha jina la kampuni ya kigeni na kudai barua pepe ya kazi, imefungwa na mmiliki wake wa kwanza. Ondoka, hata bei ikishushwa. Izime, uiwashe na uingie BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Ikidai nenosiri, ondoka pia. Fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, na katika faili litakalotoka linganisha uwezo wa betri wa kiwandani na wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya asilimia 60, bei ya betri mpya iondolewe kwenye bei. Chomoa chaja ufanye kazi dakika 20. Bonyeza kila herufi. Chomeka flashi katika kila tundu. Fungua ukurasa mweupe utafute madoa. Piga simu ya video ujue kamera, maiki na spika. Tikisa bawaba taratibu. Duka lenye bidhaa safi halikasiriki kwa hayo, na linalokasirika limekujibu.

Printa kwa ufupi: yenye matangi ya wino huchapisha rangi kwa bei ndogo kwa kila karatasi, ila ikikaa wiki nyingi bila kazi wino hukauka kwenye kichwa. Ya leza hutumia unga, haukauki. Saiba inayochapisha kila siku ichukue ya matangi. Ofisi ya shule inayochapisha mitihani mara tatu kwa muhula ichukue leza nyeusi.

Hatua ya 6: Muulize fundi swali linalojibika

"Ipi ni nzuri?" ni swali baya kwa fundi, atakutajia anayoipenda. Nenda kwa wawili wasiofanya kazi pamoja. Uliza: katika zinazoletwa hapa, ni sehemu gani hufa mara nyingi, kipuri chake unakipata mji huu au kinaagizwa, na unatoza ngapi kukibadilisha? Modeli inayoletwa mara nyingi si lazima iwe mbovu, huenda ndiyo iliyonunuliwa na wengi, na hilo ni jema kwako kwa sababu vipuri vyake viko tele. Ogopa ile ambayo fundi anaigeuza geuza akisema hajawahi kuifungua.

Hatua ya 7: Kaeni, mwamue, mwandike

Kwenye kikao cha chama au mezani nyumbani, kila chaguo lipate mtetezi mmoja na dakika tano. Baada ya hapo badilishaneni: aliyetetea LED ataje ubaya wake, aliyetaka mashine mpya aeleze uzuri wa iliyotumika. Atakayeshindwa kueleza upande wa mwenzake bado hajausikia. Kisha ziandikwe namba tatu kwa kila chaguo kwa miaka mitatu: bei, stima, na matengenezo mliyoyasikia kwa mafundi. Tofauti ikiwa ndogo, anayetumia kifaa ndiye aamue, na wazee waheshimu hilo.

Pale inapowezekana, nunueni kimoja kabla ya kumi. Kanisa linalotaka kubadilisha taa zote libadilishe za safu moja, lingoje msimu mmoja wa mvua, kisha lihesabu zilizokufa. Muhtasari wa kikao uandike kwa nini mlichagua, ili kamati ijayo isianze upya.

Hatua ya 8: Kile cha zamani

Kabla ya kuuza au kumpa shemeji laptopu ya zamani, nakili faili zako, ondoka kwenye akaunti zote, kisha iweke upya kwa chaguo la kufuta kila kitu na kusafisha diski. Kwa mashine ya ofisi iliyobeba nambari za vitambulisho vya watu, toa diski kabisa ubaki nayo. Betri iliyofura usiitoboe, usiichaji, na usiitupe jalalani ambako moto huwashwa kila jioni. Iweke kwenye mkebe wenye mchanga, mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, uipeleke kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA.